SITI BINTI SAAD: KUTOKA VYUNGU HADI SANTURI

Mwalimu mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alipotutaka kila mmoja achague mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki zamani na kuandika maisha yake, wengi walikimbilia Ronald Ngala na Mekatilili wa Menza. Wawili waligombania Dedan Kimathi nusura washikane mashati. Mie nikamchagua mwanamke wa Unguja ambaye hakujua kusoma wala kuandika. Wenzangu wakaangua kicheko. Wakaniuliza, ati mtu asiyejua kusoma atatufunza nini sisi wa sekondari? Nikanyamaza. Jibu langu ndilo hili mnalolisoma.

Kabla hatujafika Unguja, niruhusuni nianzie nyumbani, hapa Garsen. Mama yangu huuza samaki. Kambare akitoka mtoni hupasuliwa, hukunjwa duara mpaka mkia ufikie kichwa, akachomekwa kijiti, kisha huwekwa juu ya moshi. Akikauka vile hukaa siku nyingi na anaweza kusafiri mpaka Malindi bila kuoza. Lakini ukimsahau akakauka akiwa amenyooka, basi tena. Ukilazimisha kumkunja huvunjika vipande vipande na hasara ni yako. Kwa hivyo mama anaijua ile methali ya samaki kukunjwa angali mbichi kuliko mtu yeyote aliyeifundisha darasani. Na ndiyo anayonijibu kila nikimwomba ajiunge na masomo ya ngumbaru. Husema yeye amekwisha kukauka, nimwache.

Ningemwacha, lakini kuna jambo lilitokea. Mwaka uliopita mchuuzi mmoja alichukua samaki kwa mkopo, akamletea karatasi atie dole gumba. Mama aliambiwa imeandikwa matenga manne. Nilipotoka shuleni jioni nikaisoma. Ilikuwa imeandikwa mawili. Mama aliishika ile karatasi, akaigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta mlango, kisha akaikunja na kuitia kwenye ncha ya leso. Usiku ule hakula.

Nami sina haki ya kumcheka, maana nilikuwa nimekauka vilevile. Nikiwa shule ya msingi mwalimu mmoja alisema mbele ya darasa zima kwamba kichwa changu ni cha nyimbo, hesabu nisijisumbue. Alisema kwa mzaha, watu wakacheka, hata mimi nikacheka. Ajabu ni kwamba nilimwamini. Tangu siku hiyo kipindi cha hesabu kikifika mie huchora maua nyuma ya daftari. Kidato cha Kwanza nilipata 9 kwa 100, na wala sikuona haya. Kwa nini nione haya? Si nilikwisha kuambiwa?

Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo mwalimu wa Kiswahili aliponiazima kitabu cha Shaaban Robert, Wasifu wa Siti binti Saad. Ni kitabu chembamba, mtu anaweza kukimaliza kwa siku mbili. Mimi nilikisoma mara tatu, kisha nikawauliza walimu mengine yasiyokuwamo.

Siti alizaliwa Fumba, kijiji cha pwani ya kusini-magharibi ya kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezi na mama yake Mzigua, watu ambao asili zao zilifika Unguja kwa njia ya utumwa. Tukumbuke kwamba wakati huo soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa tangu 1873, lakini utumwa wenyewe haukupigwa marufuku kisheria hadi 1897. Ndiyo maana jina alilopewa alipozaliwa si Siti. Aliitwa Mtumwa. Hebu fikiri, msomaji mwenzangu, unaitwa uje ule chakula na jina lako ni Mtumwa. Unatumwa kisimani na jina lako ni Mtumwa. Kama kuna mtu duniani aliyeelezwa mapema kwamba yeye ni nani na mwisho wake ni wapi, basi ni huyu. Jina la Siti, ambalo ni neno la heshima kwa bibi mkubwa, alikuja kulipata baadaye.

Shule hakwenda. Si shule ya Kizungu wala chuo cha Kurani. Kazi ya pale nyumbani ilikuwa kilimo na ufinyanzi, na mama yake ndiye aliyemfunza kufinyanga. Vyungu vikiisha kuchomwa, Siti alivibeba kichwani akaenda kuviuza mjini, mwendo wa zaidi ya kilomita 15 kwa miguu. Sasa, mchuuzi anayetembeza mali kichwani hana mlango wa duka wala kibao. Kibao chake ni mdomo wake. Siti akawa anavinadi vyungu kwa kuimba. Sauti yake ilikuwa kali na nene, haichoki, na watu walioko mitaa ya mbali waliisikia wakajua yule mwuza vyungu wa Fumba ameingia mjini leo.

Hapa nataka nisimame kidogo. Watu wengi wakisimulia habari za Siti husema alizaliwa na kipaji, wakafunga mjadala. Mimi sikubali kabisa. Labda sauti alizaliwa nayo, sawa. Lakini kila siku aliyoingia mjini na vyungu alikuwa akipima ni mwito gani unaomtoa mama wa nyumba mlangoni na ni upi unaompita tu. Sauti isiyouza ilimaanisha kurudi Fumba na mzigo uleule kichwani. Nani kati yetu amewahi kufanya mazoezi makali namna hiyo? Sisi tukikosea mwito, tunapata alama ya kosa. Yeye akikosea, alikosa chakula cha jioni.

Mwaka 1911 akahamia mjini moja kwa moja. Tufanye hesabu (naam, mimi mwenyewe nafanya hesabu): alikuwa na miaka kama 31 hivi. Kwa wakati ule, mwanamke wa miaka 31 alikuwa mtu mzima aliyekwisha kujulikana atakavyokuwa. Samaki mkavu. Na ndipo alipoanza kusoma.

Sisemi kusoma kwa kitabu. Mjini kulikuwa na muziki wa taarabu, ambao ulishamiri katika jumba la kifalme enzi za Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888. Ulikuwa muziki wa wakubwa, nao uliimbwa kwa Kiarabu. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha wapiga taarabu kiitwacho Nadi Ikhwani Safaa, nacho kilikuwa cha wanaume. Mmoja wa wanachama wake, Ali Muhsin, aliisikia sauti ya Siti akaona si ya kupotea bure mitaani. Akamchukua akamfunza uimbaji na kumtambulisha kwa wenziwe. Siti akajifunza kufuata ala, kushika pumzi, kuanza na kumaliza pamoja na wapigaji. Nyimbo za Kiarabu alizishika kwa masikio tu, neno kwa neno, bila hata herufi moja mbele yake. Baadaye akaimba hata za Kihindi. Mtu wa kawaida anaandika ili asisahau. Siti hakuwa na pa kuandika, kwa hiyo ilimbidi asisahau.

Sitaki nimfanye malaika aliyefanya yote peke yake. Hapana. Bila Ali Muhsin huenda angebaki mwuza vyungu mwenye sauti nzuri. Na baadaye alikuwa na kundi lake la wapigaji hodari, akina Subeit Ambar, Mbaruku, Buda Swedi na Maalim Shaban. Mwenye kujifunza lazima apate wa kumfunza, na wa kukosea mbele yake bila kuchekwa. Hili naliona mara nyingi linasahauliwa na watu wanaotuhimiza tujitahidi, tujitahidi, halafu wanaondoka.

Mwalimu alinieleza kuwa jambo hili wataalamu wameliandikia sana. Carol Dweck, mtaalamu wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, alitoa kitabu mwaka 2006 akitofautisha watu wa namna mbili. Kuna wenye mawazo mgando, wanaoamini akili ya mtu ni kama urefu wake, umepewa futi tano basi ni tano. Na kuna wanaoamini akili hukua kwa kutumiwa. Hata kabla ya hapo, mwaka 1998, yeye na mwenzake Claudia Mueller walichapa utafiti juu ya watoto wa shule. Waliosifiwa kwamba wana akili waliyakwepa maswali magumu wasije wakaonekana hawana. Waliosifiwa kwa bidii yao waliyataka yale magumu. Niliposikia hivyo nikawaza maua yangu ya nyuma ya daftari. Mimi sikusifiwa kwa akili, niliambiwa sina, lakini njia ni ileile na nilifika palepale pa kukimbia maswali.

Turudi kwa Siti. Alipoanza kujulikana, maneno yakaanza. Mjini Unguja wakati huo watu walipimwa kwa ukoo, kwa rangi na kwa sura. Siti ukoo hakuwa nao, na urembo unaopendwa na watu wa mjini hakuwa nao vilevile. Wasiompenda wakamtungia nyimbo za kumkumbusha alikotoka, nguo ya kimaskini aliyoingia nayo mjini, na kwamba bila ile sauti asingekuwa na cha kutia mdomoni. Zikaimbwa mitaani, watu wakacheka.

Alijibu kwa wimbo. Hakukana kwamba ametoka shamba, wala hakudai kwamba yeye ni mrembo. Aliwaambia waziwazi kwamba sura na ukoo si kitu cha kumtia mtu kasoro, na kwamba kasoro ya kweli ni mtu kukosa akili. Mimi nimelifikiria sana jibu hilo. Wale walimpima kwa vitu ambavyo mtu hawezi kuviongeza. Huwezi kujiongezea babu. Yeye akauhamisha mzani mzima akaupeleka kwenye kitu ambacho mtu anaweza kukifanyia kazi. Hiyo ndiyo akili ya mchuuzi, jamani! Akiambiwa bei mbaya, haondoki na mali yake. Anabadilisha mazungumzo.

Kisha ikaja biashara kubwa. Mwezi wa Machi 1928 Siti na kundi lake walisafiri kwa meli hadi Bombay huko Bara Hindi, mji ambao leo unaitwa Mumbai, kurekodi nyimbo katika santuri za kampuni ya His Master's Voice. Akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kutiwa sauti yake kwenye santuri. Fikirieni mwanamke aliyeanza kwa kubeba vyungu, sasa amevuka Bahari ya Hindi, anasimama mbele ya mashine asiyoijua, katika nchi ya watu asiowajua, na anatakiwa aimbe wimbo mzima bila kukosea kwa sababu hakukuwa na kufuta. Na aliimba kwa Kiswahili. Hilo ndilo lililonigusa zaidi mimi mwanachama wa chama hiki. Taarabu iliyokuwa ya Kiarabu ikawa lugha ya mtu wa sokoni, akaielewa, akainunua.

Maana waliinunua kwelikweli. Kufikia mwaka 1931 santuri za Siti na wenzake zilizouzwa zilipita 70,000. Kampuni nyingine, Columbia, ikaona isiachwe nyuma ikaja kurekodi Unguja kwenyewe. Ina maana wenye mashine ndio waliopanda meli safari hii. Sauti iliyokuwa ikisikika mitaa michache sasa ilisikika mwambao mzima, popote palipokuwa na mtu mwenye gramafoni na majirani waliojazana barazani kwake.

Pamoja na sifa hizo, nyumba yake ilikuwa Ng'ambo, upande wa mji walikokaa watu wa hali ya chini na waliotoka utumwani. Hapo usiku walikutana wapigaji, majirani na wapita njia. Mmoja analeta habari ya mahakamani, mwingine ya sokoni, mwingine anatoa ubeti, wanaujaribu, wanaukataa, wanaanza upya. Nyimbo nyingi zilitokea hivyo. Wenye kujua kuandika waliandika, naye akashika kwa kichwa. Kwa maneno mengine, mwanamke ambaye hakuwahi kuketi darasani alikuwa na darasa nyumbani kwake kila jioni.

Mojawapo ya nyimbo zilizotoka hapo ni Kijiti. Inahusu tukio la kweli. Kijiti alikuwa mwanamume aliyemwua mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam. Mwuaji akatorokea bara. Wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi ndio waliofungwa, ati wao ndio waliompeleka yule marehemu kwenye matembezi. Siti akaimba kisa chote. Hakimu alikuwa na vitabu vya sheria na karatasi na mihuri. Siti hakuwa na lolote kati ya hayo, lakini hukumu ya hakimu imesahauliwa na wimbo ungali unakumbukwa. Ninapofikia hapa huikumbuka ile karatasi ya matenga mawili.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950, akiwa na miaka kama 70. Muda si mrefu kabla ya hapo Shaaban Robert alizungumza naye, na kutoka humo kikatokea kile kitabu nilichoazimwa, kilichochapwa mwaka 1958. Wanahabari wanawake wa Tanzania walipoanzisha jarida lao mwishoni mwa miaka ya 1980 waliliita Sauti ya Siti. Jina la Mtumwa hulisikii tena, ila kwa wanaosoma historia.

Basi jioni moja nikamsimulia mama habari zote hizi huku tukigeuza samaki. Alisikiliza vizuri mpaka mwisho. Kisha akasema yule alikuwa na sauti, yeye hana. Nikaishiwa na maneno. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kila jibu isipokuwa hilo.

Lakini usiku nikiwa nimelala nikakumbuka jambo. Mama hakuwa mchuuzi wa samaki siku zote. Alikuwa mkulima tangu utotoni. Mwezi wa Novemba 2023 Mto Tana ulipofurika, shamba letu la mahindi na migomba lilikwenda na maji, nasi tukahamia sehemu ya juu tukakaa chini ya turubai kwa wiki kadhaa. Maji yalipopungua alimfuata mama mmoja jirani mwenye banda la moshi, akamwomba amfunze. Siku za kwanza alijikata vidole. Tenga lake la kwanza liliungua lote kwa sababu alizidisha moto, na tukala samaki mweusi kama mkaa kwa siku tatu, tena kimya. La pili liliingia funza. La tatu ndilo lililouzwa. Leo wachuuzi wa kutoka Malindi humwulizia kwa jina. Na bei za wadeni wake wote, hata ishirini, ziko kichwani mwake, na kwa kila mmoja amechora alama za mkaa ukutani, fundo kwa aliyelipa nusu, mstari kwa ambaye hajalipa. Hakuna aliyemfunza alama hizo. Alizibuni mwenyewe.

Asubuhi nikamwambia. Nilimwambia kwamba ule ukuta ni daftari, na kwamba alipojifunza kubanika alikuwa na miaka 41, kumi zaidi ya Siti alipohamia mjini. Nikamwambia vilevile kwamba samaki mkavu tukimloweka usiku kucha asubuhi huwa laini, na yeye ndiye aliyenionyesha. Akanitazama. Akasema nitachelewa shule.

Kwa upande wangu, muhula uliopita nilikwenda kwa rafiki yangu anayejua hesabu nikamwomba anianzishie kutoka sehemu, zile za darasa la tano. Aibu niliyoipata siwezi kuisimulia. Nilipata 31 kwa 100. Tafadhali msinipigie makofi, 31 ni 31. Maua nimeacha kuchora.

Juma lililopita mama aliniuliza daftari la kurasa 48 linauzwa bei gani dukani. Nikamtajia. Akasema ni ghali, akaendelea kuchochea moto.